Jibini Bichi Nyumbani: Namna ya Kuitunza na Siku Zake

  Leo tutazungumza juu ya jibini bichi, ile nyeupe laini ambayo mama anaweza kuitengeneza jikoni mwake kwa maziwa na malimau. Hatutakaa sana kwenye kuitengeneza. Tutakaa kwenye jambo linalowasumbua wengi baada ya kuitengeneza, yaani kuitunza, na kujua itakaa siku ngapi kabla haijaharibika.

Ninyi mnaofuga ng'ombe wa maziwa mnaijua shida yenyewe. Mvua zikinyesha na majani yakawa tele, maziwa huwa mengi kuliko kinywa cha nyumbani. Mahali pengi gari la kukusanya maziwa hupita asubuhi tu, kwa hiyo maziwa ya jioni hubaki mikononi mwa mfugaji. Barabara ikikatika kwa matope, hata hayo ya asubuhi hubaki. Wengine huyagandisha yakawa mtindi, wengine hutoa siagi wakapika samli, na siku hizi wako wanaotengeneza jibini. Hiyo ni njia nzuri. Lita 5 za maziwa yenye mafuta hutoa karibu nusu kilo ya jibini, na pengine zaidi kidogo, nayo ni chakula cha kujenga mwili kwa watoto na wazee.

Lakini hapo ndipo kosa linapoingia. Watu wamesikia kwamba jibini hukaa miezi, hata mwaka. Basi mtu akishatengeneza ya kwake huiweka kabatini, akaiamini kama anavyoyaamini mahindi yaliyo ghalani. Siku ya nne watoto wanaendesha, na baba anasema jibini si chakula cha Mwafrika. Sivyo, ndugu msikilizaji. Kosa ni la hesabu ya siku. Jibini inayokaa miezi ni jibini ngumu. Jibini bichi ni chakula cha siku chache, na siku zake zinategemea mambo matatu: usafi, chumvi, na baridi.

Tuone kwanza sababu yake. Maziwa ya ng'ombe, katika kila sehemu 100, sehemu kama 87 ni maji. Ukitengeneza jibini, unayatenga yale mabonge na maji. Jibini ngumu hukamuliwa kwa uzito mkubwa, hutiwa chumvi, kisha huachwa ikauke na kukomaa kwa miezi mingi. Maji yakipungua na chumvi ikizidi, vijidudu vinavyoharibu chakula hukosa mahali pazuri pa kuishi. Ni kama mahindi: ukiyaanika vizuri yanakaa, ukiyaweka yakiwa na unyevu yanaota ukungu. Jibini bichi haikukauka. Zaidi ya nusu ya uzito wake mara nyingi bado ni maji. Kijidudu kikiingia humo kimepata maji, kimepata chakula, na kama pana joto, kimepata kila kitu. Katika joto linalokifaa, kijidudu kimoja kinaweza kuwa viwili kwa muda wa dakika 20 hivi. Fanya hesabu mwenyewe ya usiku mzima.

Kwa hiyo basi, kuitunza jibini hakuanzi siku unapoiweka ndani ya chombo. Kunaanzia kwenye kiwele cha ng'ombe.

Osha mikono na kiwele kabla ya kukamua, na tumia ndoo safi. Usitengeneze jibini kwa maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, wala ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa kabla hazijaisha siku za kungoja alizokutajia Bwana Mifugo. Dang'a pia mwachie ndama. Haifai kwa jibini, ikipata moto huganda yenyewe. Na maziwa lazima yachemke. Nasema lazima, kwa sababu ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa kumbe ana ugonjwa wa kutupa mimba au kifua kikuu, na magonjwa hayo yote mawili humwingia binadamu kupitia maziwa mabichi. Wako watu wanaogandisha maziwa bila kuyachemsha, kwa dawa itokayo katika tumbo la ndama. Jibini ya namna hiyo, ikiliwa ingali mbichi, huja na magonjwa yote yaliyokuwamo ndani ya maziwa. Kuiweka mahali pa baridi hakuwezi kuiponya.

Kuitengeneza kwa kifupi ni hivi. Chemsha maziwa ukikoroga ili yasishike chini. Yakipanda, yaepue uyaache dakika chache yatulie. Kamua malimau, uchuje kokwa, kisha tia maji ya limau polepole, kadiri ya vijiko vikubwa 2 kwa kila lita ya maziwa, huku ukikoroga taratibu. Utaona mabonge meupe yanajitenga na maji ya rangi ya kijani-manjano. Kama bado hayajajitenga, ongeza limau kidogo. Yaache robo saa, kisha mimina kwenye kitambaa safi kilichochemshwa, ufunge na kuning'iniza yachuruzike. Maji hayo usiyamwage, tutarudi kwake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kuanzia hapa ndipo jibini nyingi zinapoharibiwa.

Kwanza, chumvi. Ikisha churuzika, changanya na chumvi safi kijiko cha chai kimoja kwa kila robo kilo, yaani vijiko 2 kwa nusu kilo. Chumvi hiyo inaongeza ladha na kuwazuia vijidudu kidogo. Kidogo, si kabisa. Asikudanganye mtu kwamba kwa kuwa ina chumvi basi imekuwa kama samaki ng'onda.

Pili, mikono. Jibini iliyotoka katika maziwa yaliyochemka ni safi. Mchafu ni sisi. Mwenye kidonda au jipu mkononi, au mwenye mafua na kikohozi, asiishike. Wako vijidudu vinavyokaa katika vidonda na puani mwetu, ambavyo vikiota ndani ya chakula hutoa sumu. Na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Nitalirudia hilo baadaye, maana ni kubwa.

Tatu, chombo. Tumia chombo cha kioo, cha plastiki ngumu inayofaa kwa chakula, au bakuli la enameli lisilobanduka, chenye kifuniko kinachobana. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisuuze kwa maji yaliyochemka, kikauke chenyewe bila kufutwa kwa kitambaa cha jikoni. Usiiache jibini katika sufuria ya alumini, kwa sababu ukali wa limau na chumvi hula madini hayo. Na kamwe, ndugu mkulima, usitumie kopo wala chupa iliyokuwa na dawa ya mifugo au ya kuua wadudu shambani, hata uioshe mara 10. Hiyo ni kaburi.

Nne, ipoe haraka. Usiache jibini ikining'inia jikoni usiku kucha karibu na moto na inzi. Saa moja au mbili zatosha kuchuruzika. Kama una jokofu, ifungie humo mara tu ikiwa imepoa.

Haya, sasa tuje kwenye siku zenyewe. Wengi mmeuliza swali moja tu: inakaa siku ngapi? Jibu linategemea ulicho nacho nyumbani.

Kama huna jokofu wala chombo chochote cha kupoza, na unakaa mahali pa joto kama Pwani, Tanga au Morogoro, jibini bichi ni chakula cha mlo uliopo. Tengeneza asubuhi, iliwe mchana. Kama unakaa nyanda za baridi, kama Njombe, Rungwe, Lushoto, au juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iliyotengenezwa jioni, ikatiwa chumvi na kufunikwa vizuri mahali pa ubaridi, iishe kwenye chakula cha asubuhi. Usiivushe usiku wa pili. Unaona tunavyobana? Ni heri kutengeneza robo kilo ikaliwa yote kuliko kilo nzima nusu yake ikaenda kwa mbwa.

Kama una mtungi wa kupozea, unaweza kujisaidia kidogo. Kila mmoja wetu anajua kwamba maji ya mtungini ni baridi kuliko ya ndooni. Sababu ni kwamba maji hupenya katika udongo, yakikauka kwa nje huchukua joto pamoja nayo. Unaweza kuweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, ukajaza mchanga kati yake, ukaumwagia maji asubuhi na jioni, ukafunika kwa kitambaa kilicholowana, na kukiweka kivulini penye upepo. Miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa kaskazini mwa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alieneza vyungu vya namna hiyo, na vikawafaa sana wakulima kutunza mboga na matunda. Lakini angalieni, nimesema mboga na matunda. Chungu hiki hakifikii baridi ya jokofu. Tena hufanya kazi vizuri mahali pakavu, kama Dodoma au Shinyanga wakati wa kiangazi. Pwani kwenye hewa yenye unyevu, maji hayakauki upesi na chungu hakipoi sana. Kwa jibini, basi, chungu kisikuongezee tamaa. Kitaisaidia kufika kesho ikiwa na hali nzuri, basi. Kesho kutwa usiitegemee.

Kama una jokofu linalofanya kazi, yaani lenye baridi ya nyuzi 4 za Sentigredi au chini yake, jibini bichi iliyotengenezwa kwa usafi hukaa siku 5 hadi 7. Ihesabu kuanzia siku ya kutengenezwa, wala si siku uliyofungua chombo. Iweke ndani kabisa, upande wa nyuma kwenye baridi, isiwe mlangoni ambako kila afunguaye huingiza joto. Isikae chini ya nyama mbichi inayodondosha damu. Na kila ukitaka kula, chota kwa kijiko safi na kikavu kiasi unachotaka, kisha rudisha chombo mara moja. Kile kilichokaa mezani saa mbili, kisirudi kuchanganywa na kilichobaki.

Umeme ukikatika je? Jokofu lisipofunguliwa hushika baridi yake kwa muda wa saa 4 hivi. Kwa hiyo umeme ukienda, waambie watoto wasifungue. Ukikaa zaidi ya hapo, toa jibini uipike na kuila siku hiyo hiyo ingali baridi. Usingoje mpaka umeme urudi ndipo uanze kunusa.

Njia nyingine ni maji ya chumvi. Jirani zetu wa Sudani na Misri wana ujuzi wa siku nyingi wa kutunza jibini nyeupe ndani ya maji yenye chumvi kali. Hata neno letu jibini limetokana na Kiarabu. Kule kwao maziwa yenyewe hutiwa chumvi nyingi kabla ya kugandishwa, na ndiyo maana jibini yao huweza kukaa miezi. Msije mkadhani ni sawa na hii yetu ya limau. Sisi tunaweza kufanya hivi: chemsha maji lita 2 na nusu, tia chumvi robo kilo, koroga iyeyuke, uyaache yapoe kabisa. Jibini ikandamize kwanza kwa kitu kizito, ndani ya kitambaa chake, mpaka iwe bonge gumu. Ikate vipande, uvipange chomboni, umimine maji hayo yavifunike. Kipande kisielee juu hewani. Ndani ya jokofu, jibini hiyo inaweza kufika wiki 2. Bila jokofu, mahali pa ubaridi, isipite siku 3. Kabla ya kuila, iloweke katika maji yaliyochemshwa yakapoa ili kupunguza chumvi. Mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu asiile kwa wingi.

Na mwenye jokofu la kugandisha barafu anaweza kuikata vipande, kuifunga vizuri, na kuigandisha kwa miezi 2 hivi. Ikiyeyuka itamomonyoka kidogo na haitakuwa laini kama mwanzo, lakini kwa kukaanga au kutia kwenye mchuzi haina neno. Ikishayeyuka usiigandishe tena.

Sasa, utaijuaje jibini iliyoharibika? Tumia macho, pua na vidole. Jibini nzuri ni nyeupe, yenye harufu ya maziwa na uchachu mdogo wa limau. Ukiona inateleza kama ina kamasi, tupa. Ukiona madoa ya rangi ya waridi, manjano, buluu au nyeusi, tupa. Kama inanuka chachu au uozo, au kifuniko kimevimba, au ndani kuna vitundu vya hewa ambavyo havikuwapo, tupa. Mtu atasema, mbona jibini ngumu ikiota ukungu watu hukata pale na kula iliyobaki? Kwa jibini ngumu inawezekana, ukikata mbali na lile doa. Kwa jibini bichi haiwezekani, kwa sababu ina maji mengi na uharibifu hupenya ndani bila kuonekana. Usikate doa. Tupa yote, na mahali ambapo watoto hawatafika.

Na hapa narudi kwenye ile sumu. Mama mmoja atasema, hii imelala siku nne kabatini lakini hainuki, nitaikaanga sana, moto utaua kila kitu. Hapana! Moto unaua vijidudu vyenyewe, lakini ile sumu iliyokwisha kutolewa hubaki. Mtu akila jibini hiyo, baada ya saa chache huanza kutapika na kuendesha, hata kama ilikaangwa ikawa nyekundu. Tena chakula kibaya si lazima kinuke. Ndiyo maana nasema hesabu ya siku ni mwalimu bora kuliko pua. Pua inakuambia iliyooza. Kalenda inakuambia iliyo hatari kabla haijaoza.

Kwa hiyo andika tarehe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua kipande cha karatasi, andika siku uliyotengeneza na siku ya mwisho ya kula, ukibandike kwenye chombo. Mathani umetengeneza Jumatatu, unayo jokofu, andika: mwisho Jumamosi. Atakayekuwa nyumbani wewe ukiwa shambani atajua, hatabahatisha.

Wako watu wa kuangaliwa zaidi: mama mjamzito, mtoto mchanga, mzee, na mgonjwa. Kuna kijidudu kimoja kinachoweza kuota hata katika baridi ya jokofu, polepole, nacho kinaweza kumharibia mama mimba. Kwa hiyo watu hao wapewe jibini ya siku ile ile, iliyotokana na maziwa yaliyochemka, na ni vizuri zaidi ikiwa imepikwa. Isiyojulikana ilitengenezwa na nani wala lini, wasiile.

Na wewe unayeuza kwa majirani au hoteli ya hapo kijijini, jua kwamba siku unazohesabu si zako peke yako. Ukikaa na jibini siku nne ndipo umpelekee mnunuzi, umemwachia siku moja, naye hajui. Muuzie ya leo, mwambie tarehe, mweleze namna ya kuitunza. Mteja aliyekula akawa mzima atarudi, na ataleta mwenzake. Aliyeumwa tumbo hatarudi, tena atawaambia wengine. Na kabla ya kuifanya kuwa biashara kamili, pita ofisi ya mifugo ya wilaya uelezwe taratibu za vibali na ukaguzi.

Nilisema tutarudi kwenye yale maji ya jibini. Hayo bado yana sukari na chakula cha kujenga mwili. Yakiwa ya siku ile ile, unaweza kupikia wali au kukandia unga wa chapati. Yanayobaki wape nguruwe au kuku, wakichanganyiwa na pumba. Usiyamwage kijitoni, huoza na kuchafua maji mnayokunywa.

Mwisho, panga kazi yako. Usingoje maziwa yajae nyumba ndipo utengeneze jibini ya wiki mbili. Tengeneza kidogo kidogo, kadiri ya walaji. Familia ya watu 6 itamaliza jibini ya lita 3 kwa mlo mmoja au miwili, ikikaangwa na vitunguu na nyanya, au ikitiwa kwenye mchicha. Maziwa yanayozidi hapo yafanye mtindi au samli. Samli, ikipikwa mpaka maji yake yote yakaisha, hukaa miezi bila jokofu. Kila chakula kina siku zake. Mkulima hodari anazijua.

Ndugu msikilizaji, turudie kwa kifupi. Chemsha maziwa kwanza. Shika jibini kwa mikono safi, iweke katika chombo safi chenye kifuniko. Bila jokofu, mahali pa joto, ni mlo ule ule. Mahali pa baridi, mwisho asubuhi yake. Chungu cha mchanga, mwisho kesho. Jokofu, siku 5 hadi 7. Maji ya chumvi ndani ya jokofu, wiki 2. Andika tarehe. Yenye utelezi, doa au harufu mbaya, tupa yote. Na iliyopitisha siku zake, hata kama hainuki, usiikaange ili kuiokoa.

Asiyeelewa jambo lolote amwone Bwana Mifugo au mtaalamu wa lishe wa kata yake.